Mtoto wa Mtu Hakaguliwi Nyuma ya Darasa



Kuna jambo tumelinyamazia kwa muda mrefu. Mimi ninayeandika nilikuwepo, kwa hivyo nitaanza na kosa langu kabla sijamnyooshea mtu kidole.

Ilikuwa likizo ya Disemba, mashindano ya soka ya wasichana ya kiwango cha wadi, hapa Kaunti ya Migori. Uwanja wa shule ya msingi, magoli ya miti, mbuzi wanalisha karibu na kona. Zawadi ni seti moja ya jezi na pesa kidogo ya soda. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, yaani mtu wa kuandika majina na kushika karatasi ya sheria. Kwenye nusu fainali, binti mmoja wa kidato cha tatu, anayesoma madrasa moja na dada yangu mdogo, alifunga mabao mawili kabla ya mapumziko. Mrefu, mabega mapana, sauti nzito. Hijabu kichwani, suruali ndefu chini ya bukta. Ukimwona akikimbia unasimama kutazama.

Wakati wa mapumziko kocha wa timu pinzani alikuja mezani na shilingi mia tano za rufaa. Akasema, "Huyo ni kijana. Tunataka aangaliwe."

Mezani tulikuwa wanne, wanaume watatu na mwalimu mmoja wa kike. Hakuna aliyeuliza sheria hiyo iko wapi. Karatasi nilikuwa nayo mimi, na nilijua fika haina hata mstari mmoja juu ya jambo hilo. Nikanyamaza. Nilijiambia, wacha yaishe haraka, watu wasije wakapigana. Basi yule mwalimu na mama mmoja muuza mandazi wakamchukua binti wa watu, wakaenda naye nyuma ya darasa la nane. Watoto wakawafuata mbio, wakafukuzwa. Kama dakika kumi hivi. Wakarudi, mwalimu akatuambia kwa sauti ya chini, "Ni msichana." Kocha akachukua pesa zake, akacheka, akasema alikuwa anataka tu kuhakikisha.

Binti hakurudi uwanjani. Alivua viatu vya mpira, akavifunga kamba pamoja, akaondoka kwa miguu. Timu yake ikapoteza. Mimi nikaandika matokeo.

Sasa tuje Tokyo, kwa sababu ndiko maneno haya yalikorudi tena midomoni mwa watu.

Septemba 2025, kwenye Mashindano ya Dunia ya riadha, Lilian Odira, binti wa kwetu Nyanza, mama wa watoto wawili, alishinda dhahabu ya mita 800 kwa dakika 1:54.62. Alivunja rekodi ya mashindano hayo iliyowekwa na Jarmila Kratochvílová wa Czechoslovakia mwaka wa 1983. Hiyo rekodi ilikuwa imekaa miaka 42! Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Kutoka Homa Bay mjini hadi Isebania watu walipiga kelele mbele ya televisheni za hoteli, na siku zilizofuata nimewaona wasichana wadogo wakipima mizunguko ya uwanja kwa hatua zao.

Lakini mashindano hayo yalikuwa na jambo lingine jipya. Yalikuwa ya kwanza chini ya kanuni ya World Athletics, Shirikisho la Riadha Duniani, iliyoanza tarehe 1 Septemba 2025. Kila anayetaka kukimbia kitengo cha wanawake kwenye mashindano yanayohesabiwa katika orodha ya ubora ya dunia ni lazima apimwe mara moja maishani, kwa usufi unaosuguliwa ndani ya shavu au kwa damu, ili kuona kama ana jeni inayoitwa SRY. Kwa kawaida hii hukaa kwenye kromosomu Y, na kazi yake ni kuanzisha umbile la kiume tumboni mwa mama. Asiyekuwa nayo anapita. Aliye nayo hakimbii na wanawake, isipokuwa katika hali chache, kama vile mwili usioisikia testosteroni kabisa.

Baada ya hapo kwenye magrupu yetu ya WhatsApp vijana wakagawanyika. Wengine wakasema, "Safi kabisa, mwanamke ni mwanamke." Wengine wakasema hii ni vita dhidi ya Waafrika. Na wengine, wengi tu, walichanganya mambo mawili tofauti kama ugali na uji.

Tuyatenganishe, maana hapa ndipo watu wanaumizwa bure. Kuna mtu aliyezaliwa mwanamume, akabaleghe kama mwanamume, halafu akasema sasa ni mwanamke. Hao World Athletics iliwafungia kitengo cha wanawake tangu tarehe 31 Machi 2023. Na kuna mtu aliyezaliwa, mkunga akaangalia akasema ni msichana, akapewa jina la msichana, akalelewa, akavalishwa, akaenda shule ya wasichana, na hakuna aliyejua kwamba ndani ya mwili wake kuna umbile tofauti, hadi siku alipokimbia kwa kasi sana. Huyu wa pili hajadanganya mtu. Hajabadilisha chochote. Ukimwita tapeli umemdhulumu.

Na karibu visa vyote vilivyogusa Afrika Mashariki ni vya huyu wa pili.

Wengi mnakumbuka Rio 2016. Fainali ya mita 800 wanawake: Caster Semenya wa Afrika Kusini wa kwanza, Francine Niyonsaba wa Burundi wa pili, na wa tatu Margaret Nyairera Wambui wetu, kwa dakika 1:56.89. Shaba ya Olimpiki. Miaka miwili kabla yake alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi kule Eugene, Marekani. Kisha Aprili 2018 shirikisho la dunia likatangaza kanuni: katika mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja, mwanamke mwenye umbile la aina hii na testosteroni iliyozidi nanomoli 5 kwa lita ni lazima aishushe kwa dawa, la sivyo asishiriki. Semenya akaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS. Tarehe 1 Mei 2019 majaji wakatoa uamuzi ambao ukiusoma unabaki umeduwaa: kanuni hii inabagua, walisema, lakini ubaguzi huo ni wa lazima na wa kiasi kinachofaa ili kulinda mashindano ya wanawake. Majaji wawili dhidi ya mmoja. Siku chache baadaye kanuni ikaanza kazi.

Wote watatu waliosimama jukwaani Rio wakatolewa kwenye mita 800. Niyonsaba akahamia mbio ndefu, na mwaka wa 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000. Wambui hakutaka kunywa dawa za kubadilisha mwili ambao hauumwi. Akakaa nje. Mwaka huo huo wa 2021 alizungumza na BBC akapendekeza kiwepo kitengo cha tatu, ili watu kama yeye wapate pa kukimbia. Fikiria mtu wa kwao, mwenye medali ya Olimpiki, anaomba tu aonyeshwe pa kukimbilia.

Maximila Imali naye. Mei 2019, yeye na mwenzake mmoja waliondolewa kwenye timu ya Kenya iliyokuwa inaenda mbio za kupokezana vijiti za dunia kule Yokohama, na sababu ikafika magazetini, na majina yao juu yake. Yaani siri ya damu ya mtu ikasomwa kwenye kinyozi. Imali akashuka hadi mita 100 na 200, ambazo kanuni ya wakati ule haikuzigusa, na huko akawa kati ya wenye kasi zaidi nchini. Machi 2023 mlango huo nao ukafungwa: kanuni ikawa kwa mbio zote na michezo yote ya uwanjani, kiwango kikashushwa hadi nanomoli 2.5, na mtu akatakiwa akae chini ya hapo kwa miezi 24 kabla ya kushiriki. Miezi 24 kwenye miguu ya mkimbiaji ni umri.

Niseme wazi msimamo wangu, msije mkadhani ninazunguka. Mimi naamini kitengo cha wanawake lazima kiwe na mpaka. Si chuki, ni hesabu. Mvulana akishabaleghe, testosteroni inamjengea misuli, mifupa, mapafu na damu inayobeba hewa zaidi. Kwenye mbio, wanaume bora wanawazidi wanawake bora kwa karibu asilimia 10 hadi 12. Hata rekodi ya dunia ya wanawake ya mita 800, dakika 1:53.28, ambayo Kratochvílová aliiweka mwaka wa 1983 na bado ipo, wavulana wa sekondari wenye kipaji hapa Kenya wanaipita. Ukiondoa mpaka, wasichana wetu wa Nyatike na Mbita hawatashindana tena, watasindikiza. Na wale waliomaliza wa nne na wa tano Rio nao walikuwa watu, walikuwa na mama zao, walifanya mazoezi alfajiri kama wengine. Machozi yao si ya kuchekwa. Uadilifu ambao hauwaoni hao si uadilifu.

Kwa hivyo sisemi mpaka usiwepo. Ninauliza nani anaushika, anaushikaje, na anafanya nini na mtoto aliyejikuta upande asioutarajia.

Na hapo rekodi ya wakubwa si nzuri. Mwaka wa 1966, kwenye Mashindano ya Ulaya kule Budapest, wanariadha wa kike walipitishwa uchi mbele ya madaktari. Uchi! Olimpiki ya Mexico 1968 wakatumia vipimo vya kromosomu. Atlanta 1996 walipima wanawake 3,387, wanane wakapatikana na majibu yasiyo ya kawaida, na wote wanane mwishowe wakaruhusiwa kushiriki, kwa sababu madaktari walipochunguza vizuri waliona jambo si jepesi kama karatasi ilivyosema. Mwaka wa 1999 Kamati ya Olimpiki ikaachana na kupima kila mtu. Sasa tumerudi kwenye kupima kila mtu, kwa chombo kipya. Na yule mwanasayansi wa Australia aliyeongoza ugunduzi wa hiyo jeni ya SRY mwaka wa 1990, Andrew Sinclair, ameandika mwenyewe mwaka wa 2025 kwamba kuitumia kama hukumu ya nani ni mwanamke michezoni ni makosa, kwa maana jeni kuwepo haikuambii kama inafanya kazi au mwili unaiitikiaje. Anayejua jiko ni mpishi, na mpishi anasema chakula hiki hakijaiva. Angalau asikilizwe.

Lakini kinachonikosesha usingizi zaidi kimetokea jirani yetu Uganda. Annet Negesa alikuwa mkimbiaji wa mita 800, dhahabu ya Michezo ya Afrika Maputo 2011, alikuwa anajiandaa kwa Olimpiki ya London 2012. Akaambiwa damu yake ina testosteroni nyingi. Akapelekwa kupimwa Ufaransa, na baadaye akafanyiwa upasuaji Kampala. Alisimulia hadharani mwaka wa 2019 kwamba alidhani ni sindano tu, akaamka na makovu tumboni, na hakuna aliyekuwa amemweleza sawasawa kinachoondolewa wala dawa atakazohitaji baadaye. Shirikisho la dunia lilikana kwamba liliamuru upasuaji huo. Basi nani aliamuru? Msichana wa miaka ishirini kutoka kijijini hajipeleki chumba cha upasuaji mwenyewe. Mwili wake ukadhoofika, hakukimbia tena kwa kiwango kile, na leo anaishi Ujerumani kama mkimbizi.

Nikisoma habari yake ninaona lile darasa la nane. Ni kitu kile kile, kwa ukubwa tofauti. Watu wazima wamekaa mezani, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anajua sheria, na mwili wa msichana ndio unaolipa.

Na sisi Migori tusijifanye wageni wa jambo hili. Upande wa Kuria bado tunapambana na ukeketaji, miaka mingi baada ya sheria ya 2011 kuupiga marufuku. Mazoea ya watu wazima kukaa kikao juu ya mwili wa msichana bila kumuuliza yako hapa hapa, hayakuletwa na ndege kutoka Monaco.

Kuna ndugu watasema, mbona ukurasa wetu unaingia mambo haya, haya ni ya wazungu. Hapana. Vitabu vya fiqhi vimeyazungumza kabla hakujakuwa na Olimpiki hizi. Mfungulie ustadhi mlango wa mirathi atakuonyesha khuntha, ndiye huyu Waswahili tunamwita huntha. Wanachuoni hawakusema ni laana, wala hawakusema hayupo. Waliuliza dalili, wakasubiri abaleghe ionekane yuko upande gani, na kama bado ana utata walimpangia fungu lake kwa tahadhari, wakaamua hata atasimama safu gani msikitini. Ibn Qudama ameandika, Imam Nawawi ameandika. Tazama walivyofanya: hawakumfukuza msikitini. Walimtafutia pa kusimama. Na uchi wa mtu walikataza kuutazama ila kwa dharura, kama tiba. Rufaa ya shilingi mia tano si dharura.

Nawaambia hasa vijana wa kiume mliokesha mkimtetea Imane Khelif wa Algeria kwenye Olimpiki ya Paris 2024, dunia nzima ilipomwita mwanamume na Kamati ya Olimpiki ikisema alizaliwa, akasajiliwa na kuishi kama mwanamke. Mlimtetea kwa sababu ni Mwislamu, ni sawa. Lakini wiki iyo hiyo nilisikia baadhi yenu pale stendi mkimwita golikipa wa timu ya wasichana "kijana" kwa sababu ana ndevu mbili tatu. Heshima haianzii Paris.

Sheria ya nchi nayo iko, tena nzuri. Katiba, Kifungu cha 28, inalinda utu wa kila mtu. Kifungu cha 31 kinalinda faragha, na kinasema mtu asipekuliwe mwili wake. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua mtoto mwenye jinsia mbili kwa jina na inamhakikishia heshima na matibabu yanayomfaa. Hatukufika huko kirahisi, ilipita kesi ya mtoto aliyeitwa Baby A mahakamani mwaka wa 2014, ikapita na sensa ya 2019 iliyohesabu watu 1,524 wa aina hiyo kwa mara ya kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya na za jeni kuwa nyeti. Na kumgusa mtoto sehemu zake za siri bila sababu ya tiba kunaweza kuwa jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, hata kama aliyegusa ni mwanamke, hata kama alitumwa na kamati. Sisi wanne tuliokaa mezani siku ile, hilo lilitupita tu.

Kwa kamati zote za mashindano ya mashinani, Migori na Homa Bay, za shule, za wadi, za msikiti na za wanasiasa wanaogawa mipira wakati wa kura, haya ndiyo tunayoomba, na tutakuja kuyaomba ana kwa ana.

Kanuni ya jeni ni ya mashindano ya dunia. Si ya mechi ya wadi. Kwa kiwango chetu, msichana ni yule ambaye cheti chake cha kuzaliwa na rekodi ya shule vinasema ni msichana, na mjadala unaishia hapo. Kama kocha ana shaka, aandike barua, aisaini kwa jina lake, aipeleke kwa kamati, na kamati iangalie karatasi, si mwili. Asiyekuwa na cheti, kamati imsaidie akipate, maana wapo wengi hawana. Rufaa ya mdomo uwanjani juu ya umbile la mchezaji isipokelewe kabisa, na kocha anayepiga kelele "ni kijana" atolewe nje kama anayemtukana refa. Hakuna mtu, mwanamume au mwanamke, mwalimu au nesi, anayemvua mtoto nguo kwa sababu ya mpira. Kukiwa na swali la kweli la afya, hilo ni la mzazi na daktari, hospitalini, na majibu ni ya familia.

Na ikiwa msichana wetu atafika mbali hadi apimwe kwa kanuni ya dunia, na wapo watakaofika, basi kabla ya usufi kuingia mdomoni aelezwe kwa lugha anayoielewa, Kiswahili, Dholuo au Kikuria, kipimo hiki ni cha nini, majibu yatawekwa wapi, na yakija kinyume atasaidiwa na nani. Apewe mtu wa kukaa naye. Asisomewe jina lake redioni. Apimwe mapema, nyumbani, si siku tatu kabla ya ndege kuondoka. Haya si mambo ya gharama kubwa. Kumpa mtoto wa miaka kumi na minane habari ya kubadilisha maisha yake halafu kumpandisha matatu arudi kwao peke yake, hiyo ndiyo gharama.

Kwani pia, tukiwa wakweli, wizi mkubwa kwenye michezo yetu ya shule hauko kwenye jinsia. Uko kwenye umri. Wote tumeona "mwanafunzi" mwenye mke na shamba akicheza chini ya miaka kumi na tisa. Uko kwa kocha anayemwambia msichana nafasi kwenye timu ina bei yake. Uko kwa wasichana wanaokosa mechi siku tatu kila mwezi kwa kukosa sodo. Sijaona mtu akileta shilingi mia tano mezani kwa hayo.

Nilirudi kwao yule binti. Ilinichukua miezi mitano kupata uso wa kwenda. Mama yake alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili, akaniwekea kiti chini ya mwembe, akaniletea chai. Nikasema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Sheria nilikuwa nayo mimi." Alinyamaza muda, kisha akaniambia nimwambie mwenyewe, si yeye aliyepelekwa nyuma ya darasa.

Binti alitoka jikoni na mikono yenye unga. Nilisema niliyoyasema, vibaya vibaya, nikikwama. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama Disemba hii kutakuwa na mashindano tena. Nikamwambia yapo in shaa Allah. Akauliza kama hiyo sheria ya kutoguswa itaandikwa kwenye karatasi, ama nitaisema tu kwa mdomo kama ninavyomwambia yeye sasa.

Karatasi iliandikwa. Ni ukurasa mmoja, na tunao kwa Kiswahili na Dholuo. Cha Kikuria kinakamilishwa wiki hii. Kamati tatu za wadi zimeshaisaini, mbili zimesema zitafikiria, na moja imetuambia tusiwaletee mambo ya kesi. Ukiwa kwenye kamati yoyote, au kaka yako ni kocha, tuandikie tukutumie. Yeye bado hajaniambia kama atacheza.